Safari ya Tabora: Aliyebeba Mzigo ni Nani?

Ndugu msomaji, mfanyakazi wa mjini anapopata likizo yake ya mwaka aghalabu huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kijijini kuwasalimu wazazi, jambo jema lisilo na mjadala. Ya pili ni kubaki nyumbani, akapaka rangi ukuta, akatengeneza bomba linalovuja, na akalala mchana mpaka siku zikamwishia. Iko na njia ya tatu, nayo ni kufunga safari na watoto kwenda kuitazama nchi yetu kwa makusudi. Hii wengi wetu huiona kuwa ni ya wageni. Tukiona basi dogo limejaa watu wenye kofia za jua, na mbele yao kijana anayeeleza hili na lile, husema moyoni: hao ni watalii. Tunapolitamka neno hilo huwa tuna maana ya watu wengine, kamwe si sisi.

Leo napenda kuzungumza nawe juu ya njia hiyo ya tatu, na hasa juu ya safari moja, ile ya kuifuata njia kongwe ya misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Mandhari yake ni mazuri, lakini si hayo yaliyonishikisha kalamu. Katika njia hiyo liko swali ambalo jamaa nyingi za mijini mwetu zimelikwepa kizazi baada ya kizazi. Nimeona kwa macho yangu kuwa swali hilo huulizika kwa urahisi zaidi mtu akiwa katika kundi, mbele ya mwongozaji, kuliko akiwa sebuleni kwake.

HABA NA HABA

Kundi letu lilikuwa la watu 18. Sote tulijuana kwa ajili ya kikundi chetu cha kuweka akiba mahali pa kazi: mafundi, makarani, mwuguzi mmoja, mzee mmoja dereva aliyekwisha kustaafu, na watoto saba. Kwa mwaka mzima kila jamaa ilitenga kiasi kidogo mwisho wa mwezi, na wahenga hawakukosea waliposema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Tulikodi basi dogo, na kule Tabora tukampata mwongozaji, kijana wa Kinyamwezi mwenye sauti ya taratibu na ujuzi wa kutosha juu ya mji wake.

Faida ya kwanza ya kusafiri kwa kundi ni gharama, maana mzigo ukigawanywa huwa mwepesi. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Mzazi akisafiri na wanawe peke yao, yeye ndiye mjuzi wa kila kitu, na asilolijua halitajwi. Katika kundi, karani atauliza juu ya hesabu, mwuguzi atauliza juu ya maradhi, fundi atagonga ukuta kwa kidole aone umejengwa kwa nini, na mtoto atauliza lile ambalo watu wazima wamekwisha kubaliana kimya kimya kutoliuliza.

Yule mzee dereva ni Mzaramo. Siku ya kwanza tu, alipoambiwa kuwa mwongozaji wetu ni Mnyamwezi, alimtupia mkoba wake na kusema, "Mnyamwezi, chukua mzigo, ndiyo kazi yenu." Kijana naye hakusita: "Toa posho kwanza, Mzaramo. Babu zako walitupunja, wewe hutatupunja." Watoto walishtuka, wakidhani ugomvi umeanza. Ilitubidi tuwaeleze kuwa huo ni utani, na kwamba utani baina ya makabila hayo mawili ni mtoto wa njia hii hii tunayoifuata. Mtu wa bara alipofika pwani amechoka, mbali na kwao, alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumzika akifa, na mtu wa kumchokoza acheke. Mpaka leo mtani huja msibani akafanya vituko, na wafiwa wakasahau machozi kwa dakika mbili. Mambo hayo watoto wetu huyaona kila siku Dar es Salaam, ila hawajui yalikotoka.

MGUNDA MKALI

Basi letu lilipita Morogoro, Dodoma na Manyoni, kisha likaingia Itigi, kwenye vichaka vizito vinavyoendelea mpaka macho yakachoka. Nyika hii iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi wasafiri wa zamani waliiita Mgunda Mkali, kwa kuwa maji yalikuwa haba na vituo vilikuwa mbali mbali. Sisi tulipita kwa saa chache, tumekaa vitini, tukinung'unika kuwa soda zimepata joto.

Mwingereza Richard Burton na mwenzake John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, nao wakaingia Kazeh, yaani sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Burton mwenyewe alihesabu kuwa ni siku ya 134 tangu kuiacha pwani. Tafadhali usidhani kuwa walikuwa wakifungua njia. Walikuta makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na hao nao walikuwa wamefuata nyayo za Wanyamwezi, ambao tangu mwanzoni mwa karne hiyo walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani.

Hapa ndipo napenda wewe mfanyakazi mwenzangu utulie kidogo. Wapagazi wa Kinyamwezi walio wengi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira, na ujira ulipatanwa kabla ya safari kuanza. Walilipwa kwa nguo, shanga na nyaya za madini. Nguo iliyopendwa ni merikani, kitambaa cha pamba ambacho jina lake bado linatuambia kilitoka nchi gani. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Chakula kilipimwa, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, nacho kiliitwa posho. Tajiri alipopunguza posho, wapagazi walitua mizigo wakakaa chini. Alipozidi kuwapunja, aliamka asubuhi akakuta mizigo iko na watu hawapo.

Basi kumbe kabla ya reli, kabla ya magati ya bandari na kabla ya viwanda, walikuwako katika nchi hii watu waliopatana mshahara, wakajua thamani ya jasho lao, na wakagoma. Mmoja wa mafundi wetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa kiongozi wa wafanyakazi wenzake, aliposikia hayo alitoa daftari akaandika. Siku zote alidhani habari za migomo zilianzia bandarini.

Msafara uliongozwa na kirangozi, mpagazi mwenzao aliyetembea mbele amevaa mapambo mekundu na manyoya, bendera mkononi. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, wabeba nguo na wabeba shanga, na miongoni mwao wanawake. Wanawake hao hawatajwi sana, lakini walikuwako wengi. Walibeba vyungu na watoto, walipika, walinunua vyakula njiani, na baadhi yao walifanya biashara yao wenyewe ndogo ndogo. Huko Ugogo kila mtawala alidai hongo ya kupitisha watu katika nchi yake. Neno hilo nalo bado tunalo, ingawa maana yake leo imeharibika zaidi.

KWIHARA

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora iko Kwihara. Hapo limehifadhiwa tembe, nyumba pana ya udongo yenye kuta nene, dari tambarare na milango ya kuchongwa. Mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, alikaa Kwihara mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Baada ya kumpata Ujiji alirudi naye hapo mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akingoja watu wa kumsindikiza mpaka Agosti, ndipo alipoanza safari yake ya mwisho.

Mwongozaji wetu alitueleza yote hayo kwa ufasaha. Alipomaliza, mwuguzi alimwuliza: "Mbona habari ni za hawa wawili tu?" Kijana alicheka. "Dada yangu, mgeni huuliza anachokijua. Wengi wanaokuja huuliza kitanda cha Livingstone kilikuwa wapi. Nyinyi mkiuliza mengine, nitawaeleza mengine."

Nasi tukauliza. Akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa ukamilifu wake. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili wake, wakaufunga, na wakaubeba kuelekea pwani. Chuma mwenyewe alikuwa amekombolewa utumwani mwaka 1861. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe na kumkuta ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuja na msafara wa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapa hapa, kwani njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Walikataa. Waliubeba mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874, miezi tisa tangu walipoondoka Chitambo.

Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, mwezi wa Aprili mwaka huo. Jiwe la kaburi lake linasema kuwa aliletwa na mikono miaminifu. Majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa juu yake.

Tulikaa kivulini tukilitafakari jambo hilo. Ndipo mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 12, alipouliza kwa sauti iliyosikika na wote: "Mama, na sisi hapa tulikuwa upande gani? Wa waliofungwa au wa waliofunga?"

SWALI LA MTOTO

Hapana budi nikueleze kwa nini nilinyamaza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Tabora, akafia Dar es Salaam. Ukiviunganisha vituo hivyo vitatu kwa mstari, umeichora njia ya misafara. Wamanyema wa mijini mwetu, kama wengi mjuavyo, asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya mashariki. Wako waliovuka wakiwa wafanyabiashara, wako waliovuka wakiwa askari na wapagazi, na wako waliovuka wamefungwa. Sisi wajukuu tulipomwuliza bibi tulikuja vipi, alikuwa na jibu moja tu, "Tulikuja na njia," kisha akatutuma maji.

Mwongozaji alitazama uso wangu, akaona nimekwama, akachukua swali mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mdogo wangu, mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa, kwa hiyo nitaanza na kwetu. Babu zetu walibeba pembe kwa mshahara. Mwingine akirudi na nguo zake, alinunua mtu wa kumlimia shamba ili yeye apate kusafiri tena. Wengi walionunuliwa walitoka ng'ambo ya ziwa. Na Wanyamwezi nao walitekwa katika vita vya wao kwa wao, wakapelekwa pwani. Baadaye watu wakaoana, wakazaa. Leo ukiingia nyumba nyingi za mji huu, damu ya aliyefungwa na ya aliyefunga ziko katika mtoto mmoja."

Yule mzee wetu wa Kizaramo, mtu wa maneno mengi, alikuwa ametazama chini. Mwishowe alisema, "Na kule pwani ndiko walikonunuliwa. Tusijitoe." Hakuna aliyefanya utani.

Msomaji, sote tumelelewa kwa methali isemayo kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Ni methali nzuri, nasi huwatolea vijana wanaoacha lugha na mila zao. Lakini hebu itazame kwa macho ya mwanamke aliyetolewa Manyema akiwa mtoto. Yeye hakukikataa kwao, kwao kilichukuliwa. Na baadaye, ili wanawe wasiitwe watumwa, ilimbidi afiche alikotoka. Methali inasema akataaye kwao ni mtumwa, ilhali yeye alilazimika kukikana kwao ili aonekane mwungwana. Sijui methali yoyote inayomsemea mwanamke huyo.

Jioni ile nilimchukua mwanangu tukaenda kumsalimu mama yangu mkubwa, dada yake mama, ambaye angali akiishi Tabora na umri wake umepita miaka 80. Tulimkuta ukumbini, mbele yake ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wako wenyeji wanaosema kuwa jina la mji wenyewe limetokana na chakula hicho, ambacho kilifaa sana kwa safari. Mtoto alimwamkia, akapewa matobolwa, na kabla sijatafuta maneno ya kufaa akamwuliza swali lile lile.

Mama mkubwa hakukasirika. Alitafuna kidogo, akasema: "Nyanya yangu alikuwa na majina mawili. Moja alipewa hapa, ndilo tulilomzikia. La kwanza alilokuja nalo hakulitaja mbele yetu." Nikamwuliza kwa nini hawakutuambia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Na wewe ungeolewa na nani?"

Kwa sheria, utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Lakini sheria haiketi mkekani siku ya posa. Wazee wa pande mbili wakikutana, mmoja akanong'ona kuwa bibi wa binti alinunuliwa, ndoa huweza kuvunjika, na sheria ya serikali isiwe na la kusema. Ndiyo maana jibu la bibi yangu lilikuwa fupi. Kwa kunyamaza alitutafutia waume, na majirani, na mahali pa kukaa. Namshukuru kwa hilo. Lakini waume tumekwisha kupata, na wajukuu tumepata, na sasa kimya kile hakimlindi mtu tena.

TABORA NYINGINE

Nisingependa udhani kuwa Tabora ni mji wa huzuni. Siku iliyofuata tulitembezwa mjini chini ya miembe mikubwa, tukanunua asali ya misitu ya miombo, na tukasikiliza habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walimshambulia mara kadhaa wakashindwa kumpata. Mwezi wa Januari 1893, jeshi lililoongozwa na Tom von Prince lilipoingia katika ngome yake, Isike aliwasha ghala lake la baruti humo humo ndani kuliko kuanguka mikononi mwao. Mwongozaji aliwafahamisha watoto kuwa neno Ikulu, ambalo wao hulisikia kila siku katika taarifa ya habari, ni neno la huku, maana yake makao ya mtemi.

Tulipita Shule ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere tangu mwaka 1937, na St. Mary's, alikofundisha baada ya kutoka Makerere. Na tulikumbushwa mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika katika mji huu, pale wajumbe walipobishana kwa uchungu kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Walikubali kushiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, Tanganyika ilikuwa huru. Mji uliokuwa njia panda ya pembe na watumwa ulikuja kuwa njia panda ya siasa ya uhuru.

UJIJI

Kutoka Tabora tuliliacha basi tukapanda treni kwenda Kigoma. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo iliyomwondolea mpagazi mzigo begani, na ujira wake pia. Tulipita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Tulipita Uvinza, ambako chumvi ilichemshwa na kuuzwa tangu kabla ya misafara ya pwani kufika.

Ujiji lipo jiwe la ukumbusho mahali ambapo, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, yeye na Livingstone walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Ziko sanamu mbili za wanaume wanaovuliana kofia, na miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe ule wa zamani. Watu wa kundi letu walipiga picha. Ziwa limerudi nyuma tangu siku hizo, kwa hiyo ilitupasa kuteremka kwa miguu hadi majini.

Livingstone alikuwa amefika Ujiji akitoka ng'ambo, tena amevunjika moyo. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, nchi ya Manyema, alishuhudia watu wa misafara wakiwapiga risasi wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake, na wengine wakafa maji mtoni wakikimbia. Habari alizoandika zilisaidia kuongeza shinikizo lililomfanya Sultani wa Zanzibar, mwaka 1873, apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Nilisimama pale nikitazama milima ya Kongo, iliyoonekana kwa mbali kama moshi, nikamwambia mwanangu: "Bibi zako walitoka huko. Mmoja wao, na huenda zaidi ya mmoja, alivuka hapa bila kupenda. Jina lake la kwanza hatulijui." Aliniuliza kama tunaweza kwenda huko pia kulitafuta. Nikamwambia haitakuwa rahisi, lakini kuuliza tunaweza.

KABLA HUJAFUNGA MIZIGO

Ikiwa maneno haya yamekuvuta, ndugu msomaji, pokea ushauri wangu mchache. Nenda na kundi, na katika kundi lako wawemo wazee na watoto, kwa maana wazee wanajua wasichosema na watoto husema wasichojua. Nenda wakati wa kiangazi, kama walivyofanya wenye misafara, maana masika huharibu njia na ratiba. Usikubali ratiba ya kukimbizana. Vituo vitatu vilivyotazamwa vizuri ni bora kuliko tisa vilivyopigwa picha tu.

Kwa mwongozaji, msikilize kwanza. Yeye ndiye kirangozi wenu; anaijua njia na anajua mahali pa kupumzika. Lakini kumbuka kuwa kirangozi wa zamani alikwenda sawasawa na mwendo wa wapagazi wake, nao waliweza kumsimamisha. Ukionyeshwa nyumba, uliza aliyeijenga. Ukionyeshwa kaburi, uliza aliyelichimba. Ukiambiwa kuwa bwana fulani alisafiri kilomita elfu, uliza ni nani aliyebeba mzigo wake, alilipwa nini, na mkewe alikuwa wapi. Mwongozaji mwema atafurahi, kama wetu alivyofurahi. Mengi alikuwa akiyajua, ila hakuna aliyemwuliza.

Watu wengi wa Marekani wenye asili ya Afrika hutumia akiba ya miaka kwenda kisiwa cha Gorée, nchini Senegal, kusimama kwenye mlango na kutazama bahari, nao hawajui hata kijiji cha babu zao. Sisi njia yetu iko hapa hapa, nauli yake ni ya basi na treni, na baadhi ya waliosikia habari zake kwa wenyewe wangali hai. Tangu mwaka 2006 serikali yetu imeiorodhesha njia hiyo ya kati ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, miongoni mwa mahali panapopendekezwa kuingizwa katika Urithi wa Dunia. Itakuwa ajabu dunia ikiijua kabla yetu.

Na jambo la mwisho ndilo la kwanza kwa kulitenda. Kabla hujakata tiketi, nenda kwa mzee wa kwenu aliyebaki, umpelekee sukari na majani ya chai, uketi naye. Usimshurutishe. Mwulize tu bibi yake aliitwa nani, na kama alikuwa na jina jingine.